Mabasi Matupu ya Unchiprang: Jinsi Mpango wa Kuwarejesha Warohingya Ulivyokwama

Tarehe 15 Novemba 2018 mabasi yaliegeshwa kwenye kambi ya Unchiprang, mkoani Cox's Bazar, kusini-mashariki mwa Bangladesh. Malori ya mizigo yalikuwapo, chakula cha njiani kilikuwapo. Ofisa wa serikali akashika kipaza sauti akawatangazia wakimbizi wa Kirohingya kwamba kila kitu kiko tayari, anayetaka kurudi Myanmar apande apelekwe mpakani. Umati ukamjibu kwa sauti moja: hatuendi! Orodha ya siku hiyo ilikuwa na watu 150 wa familia 30, kundi la kwanza kati ya watu 2,260 wa familia 485 waliopangwa kuvushwa kidogo kidogo. Hadi jua linazama hakuna aliyepanda.

Miezi tisa baadaye, tarehe 22 Agosti 2019, mabasi matano na malori kumi yaliletwa tena, safari hii karibu na kambi namba 26 huko Teknaf, kwa orodha ya watu 3,450. Nayo yakarudi matupu.

Baadaye kila upande ulimtupia mwenzake lawama. Myanmar ilidai Bangladesh haikuwaandaa watu, Bangladesh ikadai Myanmar haikuwajengea watu imani. Ukifuatilia makaratasi yenyewe, kasoro inaonekana kwenye mpangilio wa hatua. Majina yalitangulia, vituo vya mapokezi vikafuata, suala la uraia likawekwa kiporo, na msafiri mwenyewe akaja kuulizwa siku chache kabla ya kuondoka. Hatuoni kuwa hilo lilitokea kwa bahati mbaya. Waliokaa mezani walikuwa na cha kuvuna hata kama hakuna mtu hata mmoja angevuka mto.

Warohingya wengi ni Waislamu wa kaskazini mwa jimbo la Rakhine, katika maeneo ya Maungdaw, Buthidaung na Rathedaung. Kati ya Maungdaw na Teknaf kuna mto Naf tu. Tarehe 25 Agosti 2017 kundi la wapiganaji liitwalo ARSA lilishambulia vituo vya polisi vipatavyo 30 na kambi moja ya jeshi. Jeshi la Myanmar likajibu kwa kuvichoma na kuvifyeka vijiji. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihesabu vijiji 392 vilivyoteketezwa kwa sehemu au vyote, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, likakadiria kuwa watu wasiopungua 6,700 waliuawa ndani ya mwezi mmoja wa kwanza. Waliokimbilia Bangladesh walizidi 700,000. Hayo yanajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba Maungdaw ilikuwa haijaacha kufuka moshi wakati serikali mbili zilipotia saini mpango wa kuwarudisha, tarehe 23 Novemba 2017, hata miezi mitatu haijatimia.

Mpango huo ulisema kazi ianze ndani ya miezi miwili. Tarehe 16 Januari 2018 ukaongezwa waraka wa utekelezaji, nao ukasema kazi iwe imekwisha ndani ya miaka miwili, Myanmar ikipokea watu 300 kwa siku, yaani 1,500 kwa wiki. Chukua kalamu. Miaka miwili ni wiki 104, na 1,500 mara 104 ni 156,000. Waliotakiwa kurudi ni zaidi ya laki saba. Kwa kasi hiyo wa mwisho angevuka baada ya miaka tisa hivi, tena ikiwa hakuna wiki hata moja iliyoruka. Waliouandika waraka walijua kuzidisha. Hesabu isiyokaa sawa namna hiyo kwenye mkataba wa nchi mbili maana yake ni kwamba tarehe ziliandikwa ili zitangazwe.

Halafu likaja suala la nani anastahili. Kwa mujibu wa makubaliano, anayerudi alitakiwa kuthibitisha kuwa aliishi Myanmar, kwa kitambulisho cha zamani, kadi ya muda, au hati nyingine iliyotolewa na serikali ya huko. Jambo hilo linasikika la kawaida mpaka ujue serikali hiyo hiyo ilizifanya nini hati za watu hawa kwa miongo minne.

Sheria ya uraia ya 1982, ya enzi za mtawala wa kijeshi Ne Win, iliwagawa wananchi katika madaraja matatu: raia kamili, raia mshirika na raia wa tajnisi, kila daraja na kadi ya rangi yake. Uraia kamili uliegemea makabila yaliyotambuliwa kuwa ya nchi hiyo tangu kabla ya 1823, mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza na Waingereza. Katika orodha rasmi ya makabila 135, Warohingya hawamo. Waliosalimisha vitambulisho vyao vya zamani ili vibadilishwe, wengi hawakupewa vipya. Kuanzia 1995 wakagawiwa kadi nyeupe za muda. Kadi hizo ziliwaruhusu kupiga kura mwaka 2010, kisha zikafutwa tarehe 31 Machi 2015, na wenye nazo wakaamriwa kuzirudisha, wakabaki na stakabadhi mkononi. Baada ya hapo ikaja kadi ya uhakiki, maarufu kwa herufi zake NVC. Anayeipokea hatambuliwi kuwa raia. Anaingizwa kwenye foleni ya kuhakikiwa kama anaweza kuwa raia kwa sheria ile ile ya 1982.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Kwa mtu wa Maungdaw, kuichukua NVC ni kutia kidole gumba kwenye karatasi inayosema wewe ni mgeni unayeomba. Maofisa wa Myanmar waliinadi kambini kama mlango wa kuingilia. Wakimbizi waliiona kama hati ya kukiri kosa.

Kadi si peke yake. Kila kaya ya Warohingya ilikuwa na karatasi ya orodha ya familia, na maofisa walipita kila mwaka kuhesabu vichwa. Asiyekutwa nyumbani jina lake lilikatwa. Kwenda eneo jingine kulihitaji kibali kilichoitwa Fomu namba 4. Kuoa nako kulihitaji kibali, na kwa amri ya Maungdaw wanandoa waliobanwa na kibali hicho hawakutakiwa kuzidisha watoto wawili. Mtoto wa tatu hakuandikwa popote. Sasa mwambie mama aliyekimbia usiku nyumba inawaka moto, ana watoto watano na wawili tu ndio waliomo kwenye karatasi iliyoungua: lete ushahidi wa ukazi.

Ndiyo maana orodha ya kwanza iliporomoka. Februari 2018 Bangladesh ilikabidhi majina 8,032. Katikati ya Machi Myanmar ikajibu kuwa imewathibitisha 374, pungufu ya watano kwa kila mia. Jambo jingine lilikuwa baya zaidi ya uchache huo. Majina yale hayakuwa ya watu waliojiandikisha kurudi. Yalitolewa kwenye daftari la usajili wa kambi, kaya kwa kaya, yakapelekwa Naypyidaw, mji mkuu wa Myanmar, na wahusika hawakujua. Mtu aliweza kuthibitishwa kwa safari asiyoiomba. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa takwimu za wakimbizi zilizokusanywa kambini, picha na alama za vidole zikiwemo, zilifika Myanmar bila wengi wao kuelezwa na kuridhia ipasavyo. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilijitetea kuhusu utaratibu wake wa kukusanya taarifa hizo. Vyovyote iwavyo, hofu ya wakimbizi haikuwa ya kubuni. Novemba 2018 kambini kulikuwa na mgomo kupinga usajili wa kadi mpya, sababu mojawapo ikiwa hiyo, na nyingine kwamba neno Rohingya halikuandikwa kwenye kadi. Bangladesh huwaita raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu. Myanmar huwaita Wabengali. Jina lao wenyewe halimo kwenye faili ya upande wowote.

Sasa turudi kwenye wiki ile ya Novemba. Kikao cha pamoja cha maofisa wa nchi mbili kilifanyika Dhaka tarehe 30 Oktoba 2018 na kutangaza kuwa kazi itaanza katikati ya mwezi unaofuata. Habari zikashuka kambini kupitia kwa wale wanaoitwa majhi, viongozi wa vitongoji vya kambi waliowekwa na mamlaka tangu 2017, ambao kazi yao ni pamoja na kujua nani anaishi kibanda kipi. Familia zilizosikia kuwa zimo kwenye orodha zilianza kuhama usiku kwenda kujificha kwa jamaa katika kambi nyingine. Ukiacha kibanda, unaacha pia mahali ulipoandikiwa mgao. Watu walikubali kukosa mchele kuliko kukutwa.

UNHCR iliitwa kuwauliza watu hiari yao siku mbili tatu tu kabla ya mabasi. Agosti 2019 walipata muda zaidi kidogo. Maofisa walipita vibandani, wakawaita wakuu wa familia kwenye ofisi ya msimamizi wa kambi, wakawahoji faraghani. Swali lenyewe ni fupi: unataka kurudi? Akisema ndiyo, anajaza fomu ya kurejea kwa hiari. Akisema hapana, mahojiano yanaishia hapo. Utaratibu huo ni mzuri, na tunaamini ndio uliookoa watu wasisukumwe kwenye magari. Lakini mhoji hakuwa na majibu ya maswali aliyoulizwa yeye. Kijiji changu kipo? Nitalala wapi usiku wa kwanza? Nitapewa kadi gani? UNHCR na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walikuwa wametia saini na Myanmar waraka wa maelewano Juni 2018, ila kwenda vijijini Rakhine kulihitaji kibali, tena kwa vijiji vilivyochaguliwa. Waraka huo haukutangazwa hadharani. Ulipovuja, watu walisoma kuwa wanaorudi watakuwa na uhuru wa kutembea sawa na wengine wa Rakhine, "kwa mujibu wa sheria na kanuni zilizopo". Maneno hayo machache ya mwisho yanairudisha Fomu namba 4 kupitia mlango wa nyuma.

Na usiku wa kwanza ungelalwa wapi? Ramani ilikuwa hivi. Wa nchi kavu wangepitia kituo cha Ghumdhum na kupokewa Taung Pyo Letwe. Wa majini wangetoka Keruntoli, Teknaf, wavushwe Naf hadi Nga Khu Ya. Huko wangepigwa picha, wangechukuliwa alama za vidole na kupewa NVC, kisha wapelekwe kambi ya muda ya Hla Poe Kaung, iliyojengwa kuchukua watu wapatao 25,000. Waandishi wa BBC walipotembezwa huko mwaka 2019 na kulinganisha na picha za setilaiti, ilibainika kuwa kambi hiyo imekaa juu ya ardhi ya vijiji viwili vya Warohingya vilivyosawazishwa kwa tingatinga. Kwa maneno mengine, kuna watu ambao wangerudishwa wakawekwe kwenye banda la bati juu ya shamba lao wenyewe, na kuambiwa wasubiri kuhakikiwa. Mwaka 2012 Warohingya wa Sittwe, mji mkuu wa Rakhine, na mitaa ya jirani, takriban 140,000, waliwekwa kwenye kambi za muda baada ya machafuko. Wengi wao bado wako humo. Neno "muda" lina uzito wake kwa mtu wa Rakhine.

Kwa nini basi tarehe zile? Septemba 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imeamua kuwa ina mamlaka juu ya kosa la kuwafukuza watu kuvuka mpaka kuingia Bangladesh, kwa kuwa Bangladesh ni mwanachama, ingawa Myanmar si mwanachama. Mwezi huo huo tume ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake kamili. Myanmar ilihitaji picha ya lango lililofunguliwa. Bangladesh, kwa upande wake, ilikuwa inaelekea uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, na mzigo wa wakimbizi ulikuwa umeanza kuwachosha wenyeji wa Ukhia na Teknaf, ambao vilima vyao vilikatwa miti na ujira wa kibarua ukashuka. China, yenye bomba la mafuta na la gesi yanayoanzia Kyaukphyu pwani ya Rakhine, ilijiweka kuwa mpatanishi, na ilipendelea jambo liishe baina ya majirani wawili badala ya kwenda Baraza la Usalama. Tarehe ya pili, 22 Agosti 2019, iliangukia siku tatu kabla ya kutimia miaka miwili ya mauaji. Serikali zote zilipata kichwa cha habari. Wakimbizi walipata wiki ya kukosa usingizi.

Wale waliokataa hawakukataa kurudi, na hili lilipotoshwa sana. Tarehe 25 Agosti 2019 umati uliokadiriwa kufika 200,000 ulikusanyika Kutupalong, kambi kubwa ya Cox's Bazar, chini ya uongozi wa Mohib Ullah, mwalimu aliyekuwa akikusanya majina ya waliouawa. Walidai uraia kwa jina la Rohingya, ulinzi, kurudishiwa ardhi na nyumba, na haki kwa waliotendewa. Jibu la mamlaka ya Bangladesh lilikuwa kuzima intaneti ya kasi kambini, tangu Septemba 2019 hadi Agosti 2020, na kuzuia uuzaji wa laini za simu kwa wakimbizi. Mohib Ullah aliuawa kwa risasi ofisini kwake kambini tarehe 29 Septemba 2021.

Wazee wa kambini wana sababu nyingine ya kuogopa mabasi. Mwaka 1978 watu wapatao 200,000 walivuka wakiikimbia operesheni ya serikali ya Myanmar iliyoitwa Nagamin. Makubaliano ya kuwarudisha yalitiwa saini Julai mwaka huo huo. Walipositasita, mgao ulibanwa. Ofisa wa UNHCR aliyekuwa Cox's Bazar aliandika baadaye kuwa zaidi ya watu 10,000 walikufa, wengi wanawake na watoto, wakati chakula kikiwemo ghalani. Waliobaki walirudi, karibu wote, kabla ya 1979 kwisha. Walipokimbia tena 1991 na 1992, wapatao 250,000, mzunguko ulikuwa ule ule, na MSF walipowahoji mwaka 1995 wengi hawakujua hata kama wana haki ya kukataa. Wasomaji wa Ngara na Karagwe hawahitaji kuelezwa zaidi. Desemba 1996 tangazo la pamoja la serikali ya Tanzania na UNHCR liliwataka Wanyarwanda wote wawe wameondoka ifikapo tarehe 31, na takriban nusu milioni waliondoka. Maneno "kwa hiari" yalikuwemo kwenye hotuba za wakati ule pia.

Kwa hiyo mgao unapopunguzwa Kutupalong, mzee wa miaka sitini hasomi taarifa ya upungufu wa wafadhili. Anasoma 1978. Mfumo wa sasa unafanana na Bamba Chakula, mpango wa vocha za chakula wa kambi ya Kakuma nchini Kenya: familia ina kadi inayowekewa fedha na Shirika la Mpango wa Chakula, WFP, inaweka kidole kwenye mashine dukani, inachagua mchele, dengu, mafuta, mayai, vitunguu, samaki wakavu. Machi 2023 kiwango kilishushwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 10. Juni kikashuka hadi 8, yaani senti 27 kwa siku. Kinachokatwa kwanza ni mayai na samaki, mchele unabaki. Novemba mwaka huo utapiamlo mkali wa watoto ulifika asilimia 15.1, juu ya kiwango cha dharura. Mgao uliongezwa tena mwaka 2024. Na katikati ya miezi hiyo hiyo ya njaa, China ilikuwa inasukuma mpango wa majaribio wa kuwarudisha watu 1,176. Mei 2023 wakimbizi 20 walipelekwa Maungdaw kutazama, wakarudi wakasema walichoonyeshwa ni kambi, si vijiji vyao. Hatudai kuwa mtu alikata chakula ili kuwasukuma. Lakini hiari ya mtu anayekula kwa senti 27 haipimwi kwa fomu ya ukurasa mmoja, na anayeendesha mahojiano anapaswa kuandika kiwango cha mgao wa siku hiyo kando ya jibu.

Ukiuliza mpangilio sahihi ungekuwaje, kazi ingeanza upande wa Myanmar. Kwanza ibadilishwe sheria ya 1982 au itolewe amri ya kuwatambua watu hawa kwa hati walizonyang'anywa. Tume iliyoongozwa na Kofi Annan, iliyotoa ripoti saa chache tu kabla ya mashambulizi ya Agosti 2017, ilikuwa imependekeza sheria hiyo ipitiwe upya na vizuizi vya kutembea viondolewe. Pili, wale wa kambi za Sittwe waruhusiwe kurudi makwao, maana hao hawana mpaka wa kuvuka, na ndio kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Tatu, wakimbizi waende kutazama vijiji vyao wenyewe, wanawake wakiwemo, si jengo la mapokezi. Nne, mtu ajiandikishe mwenyewe, na orodha itokane na waliojiandikisha. Basi lije mwisho.

Mahakamani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Gambia iliishtaki Myanmar kwa mauaji ya kimbari mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 11 Novemba 2019. Aliyeisimamia kesi, waziri wa sheria Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi miaka mingi Arusha katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Januari 2020 mahakama iliamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki, na Julai 2022 ikatupilia mbali pingamizi za awali.

Wakati huohuo ardhi yenyewe ilibadilisha mmiliki. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021 na vita vilivyorejea Novemba 2023, Jeshi la Arakan, ambalo ni la Warakhine wasio Waislamu, lilitwaa Buthidaung Mei 2024 na mji wa Maungdaw tarehe 8 Desemba 2024. Majenerali wa Naypyidaw, ambao mwaka 1982 hadi 2017 hawakuwataka Warohingya kama raia, mwaka 2024 waliwalazimisha vijana wao kuingia jeshini. Warohingya wengine waliuawa kwa droni na mizinga wakijaribu kuvuka Naf Agosti mwaka huo. Hadi katikati ya 2025 wakimbizi wapya wapatao 150,000 walikuwa wameingia Bangladesh, na jumla kambini ikapita milioni 1.1.

Tarehe 4 Aprili 2025, mjini Bangkok, Myanmar iliieleza Bangladesh kuwa imewahakiki watu 180,000 wanaostahili kurudi, kati ya majina 800,000 yaliyopelekwa kwa awamu sita kuanzia 2018 hadi 2020. Aliyewahakiki hana tena askari hata mmoja anayelinda Nga Khu Ya. Na kwa kuwa awamu ya mwisho ilipelekwa 2020, mtoto aliyezaliwa Kutupalong mwaka 2021, ambaye kambini hufundishwa kwa mtaala wa Myanmar, hayumo kwenye majina yale.